Vidole Viwili

Mbuzi tisa na deni la dukani:
ndiyo bei ya tairi nne, pana kama vinu,
vinywele vya mpira bado vimesimama ubavuni.
Nikazipakia nyuma ya pikapu yangu
kama mume aliyemnunulia mkewe viatu
bila kuuliza mguu.

Gereji ya Maweni haina paa, ina turubai
na fundi aitwaye Nyundo,
jina la babu yake, alilopewa kabla hajashika hata spana.
Akazitazama, akalitazama gari, akacheka kwa pua.
"Zitaingia," akasema. "Kuingia si kazi.
Kazi ni kona."

Tukazifunga. Gari likainuka kama mtu aliyeitwa jina lake.
Nikatoka barabarani, moja kwa moja, kimya,
nikajiona nimekwisha kufika Marafa
kwa mama, na maji yake ya Jumamosi.
Kisha nikakata stelingi kwa muuza mkaa:
kwaruu!
Mpira ukaila madigadi, madigadi ikaula mpira,
na kuku wa Mama Umazi wakaruka juu ya beseni la mahamri.

Nyundo hakuuliza kitu. Akalala chali,
akatia mkono kule gizani
lilikokauka tope la Sabaki la mwaka juzi.
"Vidole viwili," akasema kutoka chini.
"Kati ya tairi na bati vipite vidole viwili."
Vya nani? Vyake ndizi mkono wa tembo,
vyangu bamia.
"Vyangu. Njia ya Marafa haipimwi kwa bamia."

Basi akaanza kulitafutia gari nafasi.
Springi za nyuma akaziongezea jani;
mbele akakaza nati nusu mzunguko, akapima, akakaza tena.
Plastiki ya ndani akaipasha moto wa gesi
mpaka ikalegea kama utando wa maziwa,
akaisukuma nyuma kwa mwiko wa Mama Umazi
(mwiko haukurudi jikoni).
Na pale bati lilipojikunja likatokeza kama ukucha
akapiga, akapiga, jina likaitika.

"Tupu, halikwaruzi," akasema.
"Lakini nani hununua pikapu aendeshe tupu?"
Mapipa yangu yalikuwa nyumbani.
Thoya, mwanagenzi wake, akapiga mbinja
na watu wakapanda: wanafunzi wanne na mikoba,
bodaboda wawili wasio na abiria,
Mama Umazi ("mimi peke yangu magunia mawili"),
na mtu aliyekuja tu kuuliza posta iko wapi.
Tukazunguka uwanja, stelingi hadi mwisho,
wote wameinamisha masikio pembeni
kama wakunga juu ya tumbo.

Kulia, hakuna.
Kushoto, kwa mbali: kwaru.
"Ipo!" wakasema kwa sauti moja,
na mtu wa posta ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Nyundo akachora chaki, akakata bati
upana wa kiganja cha mtoto,
akapaka rangi ya kijani, ndiyo iliyobaki,
gari langu jeupe.
Kipande nikakitia mfukoni. Sijui kwa nini.

Nilipowasha moto akaniinamia dirishani
kama mtu anayekiri deni:
"Mshale utakudanganya sasa.
Ukisoma sitini, umeshapita sitini na nne.
Na kilomita zitahesabiwa pungufu.
Mguu mkubwa, hatua chache."

Marafa, mama alikuwa akipepeta kunde.
Hata shikamoo niliitoa nusu. Nikamvuta kwenye dashibodi:
juzi arobaini na moja, leo thelathini na nane.
"Mama, njia imepungua kilomita tatu."

Hakuitazama dashibodi.
Akalizunguka gari, akagusa ile rangi ya kijani,
akapenyeza vidole juu ya tairi,
viwili, kisha cha tatu.
"Kama imepungua, Haluwa,
uje na Jumatano."